Mishipa Iponyayo na Mishipa Idhuruyo

Mkulima wa mpunga wa Chitete, kule Momba mkoani Songwe, anajua kwamba maji hayachagui. Yakifika kwenye mpunga, mpunga hustawi. Yakifika kwenye magugu, magugu nayo hustawi. Ndivyo ilivyo damu mwilini mwetu.

Mwili una vichocheo vinavyoamuru mishipa midogo ya damu iote. Kinachojulikana zaidi kilitengwa mwaka 1989 na Napoleone Ferrara na wenzake huko Marekani, nacho huitwa kwa kifupi VEGF. Mtu akijikata kwa jembe, sehemu iliyokosa oksijeni hutoa kichocheo hicho, mishipa mipya huota, na kidonda hufunga. Hiyo ndiyo kazi yake njema.

Sasa tutazame saratani. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua zaidi ya milimita chache bila kujipatia mishipa yake. Wengi hawakumsadiki. Hata hivyo, mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevasizumabu, dawa inayokizuia kichocheo hicho, itumike pamoja na dawa nyingine kwa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Si mwarobaini: humwongezea mgonjwa muda, lakini yaweza kuchelewesha vidonda kupona.

Kwa mgonjwa wa kisukari, jambo hili ni kitendawili. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya jicho. Sehemu ya nyuma ya jicho, ikikosa oksijeni, hutoa kichocheo kwa wingi. Mishipa inayoota ni dhaifu. Huvujisha damu, na mtu aweza kupofuka. Mguuni mambo ni kinyume: kidonda hukosa mishipa ya kutosha, hakiponi, na pengine mguu hukatwa. Mtu ni yuleyule na ugonjwa ni uleule, lakini huku mishipa imezidi na kule imepungua.

Kwa macho, dawa ileile ya saratani hudungwa ndani ya jicho kwa kipimo kidogo, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa kazi hiyo. Mionzi ya leza nayo husaidia. Lakini tiba hizi hufaa zaidi zikiwahi, na ugonjwa wenyewe hauumi unapoanza. Hapo ndipo penye hatari.

Kwa hiyo mwenye kisukari, awe Chitete au Tunduma, asingoje kiza ndipo afunge safari ya hospitali ya rufaa Mbeya. Apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, na aitazame miguu yake kila siku. Nao wapangaji wa huduma wakumbuke kwamba kumpelekea mkulima kipimo karibu na shamba lake ni nafuu kuliko familia kumwongoza kipofu maisha yake yote.

Magugu hupaliliwa yangali machanga.