Wanja wa Kudumu: Yanayomsubiri Mteja

Wanja wa kudumu huchorwa kwa sindano inayopenyeza rangi ndani ya ngozi, kwenye mashina ya kope. Kwanza mteja huvua lenzi, kisha hupakwa dawa ya ganzi. Baada ya kuchorwa, macho huvimba kwa siku chache na rangi huonekana nzito mno. Magamba madogo hufuata. Yaachwe yadondoke yenyewe, kwani kuyabandua hung'oa rangi na kukaribisha vijidudu. Rangi hufifia kwa miaka, lakini kuifuta ni kazi ngumu.

Sindano iliyokwisha kutumika huweza kuambukiza homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo pakiti mpya ifunguliwe mbele ya mteja. Jicho likitoa usaha au likiona ukungu, mteja awahi hospitali siku hiyohiyo.