MIWA, MAHINDI NA MUHOGO KATIKA UTENGENEZAJI WA ETHANOLI
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Tangu bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi kadhaa zimegeukia mashamba. Brazili ilianzisha mpango wa Proálcool mwaka 1975, ikakamua miwa; Marekani ikachagua mahindi; Malawi, kuanzia mwaka 1982, ilichanganya petroli na ethanoli itokanayo na molasi, yaani mabaki ya sukari. Ethanoli ni spiriti ileile ya hospitalini. Iendeshayo magari aghalabu hutiwa dawa isinyweke, basi asitokee wa kuitilia shaka.

Mazao haya yataka mizani ya uangalifu. Tani moja ya mahindi hutoa lita 400 hivi, muhogo mbichi lita 150 hadi 180, na miwa lita 70 hadi 85 tu. Aishiaye hapo atasema mahindi yameshinda. Lakini mkulima hapimi tani peke yake, hupima na ardhi. Hekta ya miwa iliyostawi ikitoa tani 70, hizo ni lita zipatazo 5,500. Hekta ya mahindi yenye kutoa tani 2, kama ilivyo kwa wakulima wadogo wengi wa Afrika Mashariki, haifiki lita 1,000. Isitoshe, maji ya miwa yana sukari iliyo tayari kuchachuka, na makapi yake huwashwa tanurini yakachemsha mtambo. Mahindi na muhogo ni wanga. Sharti kwanza ugeuzwe sukari kwa vimeng'enya, na moto wa kuuchemshia aghalabu hununuliwa.

Muhogo una fadhila yake: hustahimili ardhi hafifu na ukame usiovumiliwa na miwa. Ila ukishang'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili tatu, isipokuwa ukianikwa ukawa makopa. Tena hapa visiwani muhogo huliwa asubuhi, na kwa nazi wakati wa futari. Kila gunia liendalo mtamboni limetoka chunguni. Jambo hilo ni zito kuliko hesabu zote zilizotajwa. Miwa nayo, kama ile ya Mahonda, yataka maji, na mpunga wayataka maji hayohayo.

Kinachostahili kutazamwa kwanza ni molasi. Sukari ikiisha kutolewa, tani moja ya molasi hutoa lita 250 hivi bila kupandwa shina jipya. Kiasi chake ni kidogo: tani 100 za miwa hutoa tani 4 hivi za molasi. Na madereva wafahamu kwamba lita moja ya ethanoli ina nguvu ya thuluthi mbili tu ya lita ya petroli.