Mnyonya Damu Anayependwa

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya tarawehe, Kizingitini)



Ndugu zangu, nanyi dada zetu mlio nyuma ya pazia, leo tuzungumze jambo ambalo wazee watashangaa kulisikia: mapenzi ya mnyonya damu.

Wazee wetu walimwita mumiani. Enzi za mkoloni habari zake zilienea Pwani hadi bara; Nairobi na Kampala hata wazimamoto walishukiwa kuwakamata watu na kuwatoa damu. Mtoto akiambiwa mumiani yuaja, hatoki nje. Leo mjukuu wake anamlilia mnyonya damu kwa mahaba! Kumegeuka nini?

Mwaka 2005 Mmarekani Stephenie Meyer alitoa kitabu kiitwacho Twilight. Bella, msichana wa miaka 17, anampenda Edward, mwenye sura ya kijana kama yeye lakini kazaliwa 1901. Vitabu vinne vilikamilika 2008, filamu tano zikatoka kati ya 2008 na 2012, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 100. Mwaka 2020 mwandishi akaisimulia upya hadithi ile ile kwa upande wa Edward, na mashabiki wakaipokea kwa hamu ya mwanzo.

Tusiseme ni upuuzi tu. Wanachokipenda ni nini? Si damu. Edward ana kiu kubwa ya damu ya Bella, naye anajizuia. Hunywa ya wanyama tu. Tena anataka ndoa kwanza kabla ya kulala naye. Yaani kinachowaliza wasichana ni mwanamume anayeimudu nafsi yake. Jamani, hiyo si ndiyo shule ya saumu? Al-Baqara aya ya 183 yatufundisha kuwa tumefaradhishiwa funga ili tupate ucha Mungu. Basi vijana wanaume, sikizeni: dada zenu wanaitafuta subira hadithini kwa sababu hawaioni barazani.

Lakini nanyi dada zetu, tazameni upande wa pili. Edward huingia chumbani mwa Bella usiku, bila ruhusa, amtazame akilala. An-Nur aya ya 27 yatukataza kuingia nyumba za watu bila ruhusa na salamu. Hata Dracula, mnyonya damu wa kitabu cha Bram Stoker cha 1897, hakuweza kuingia nyumba mpaka akaribishwe! Katika kitabu cha tatu, Edward anachomoa kifaa cha gari la Bella asiende kumwona rafiki yake. Na alipomwacha, katika cha pili, Bella alijirusha baharini kutoka jabalini ili aisikie sauti yake. Huko ni kupendwa, au ni kufungwa?

Mwanangu, kijana anayekuandikia usiku wa manane na kukwambia usimwambie mama, huyo hajabisha hodi. Mapenzi ya heri huja mlangoni: yana wazee, yana mahari, yana mashahidi, na yanakuachia rafiki zako na masomo yako.

Nanyi wazazi, msikimbilie kumnyang'anya mtoto simu. Kaeni naye baada ya futari, mumuulize: umempendea nini huyu? Jibu lake litawaonyesha anachokikosa nyumbani.

Mola atutakabalie funga zetu na atulindie wanetu. Wabillahi tawfiq.