Mtoto akibadili mchezo, nani alipe?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Katika nyumba nyingi za jiji letu la Dar es Salaam, michezo ya watoto si jambo la bure tena. Zamani mtoto alitoka na mpira wake wa makaratasi na matambara, akacheza chandimu mpaka magharibi, akarudi nyumbani amejaa vumbi, na gharama yote ikawa sabuni ya kufulia. Siku hizi viwanja vingi vya mitaani vimeota nyumba, maduka na gereji. Mtoto wa Ubungo, Manzese au Tandika anayetaka kucheza kwa mpango huandikishwa kwenye kituo, na kituo kina ada. Baada ya ada kuna jezi, njumu, nauli na michango ya safari. Kwa hiyo mtoto anaposema kwamba amechoka na mchezo huu na sasa anautaka ule, mambo hayaishii kwenye mapenzi yake. Yanaingia kwenye mfuko wa nyumba, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Ninao mfano wa karibu. Jirani zangu wa Ubungo, mume ni fundi wa magari, na mke anauza ndizi Mabibo, katika lile soko ambalo watu wamelibatiza jina la Mahakama ya Ndizi. Mtoto wao wa kiume ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Kwa miaka mitatu walimlipia kituo cha mpira wa miguu. Mwaka uliopita kijana akarefuka ghafla, kama mpapai uliopata mvua, na shuleni wenzake wakamvuta kwenye mpira wa kikapu. Akaupenda. Tatizo ni kwamba baba alikuwa ndiyo kwanza amelipa ada ya muhula na kununua njumu mpya.

Kijana aliogopa kusema. Akawa anatoka nyumbani na begi la njumu, anapewa nauli ya kwenda kituoni, halafu anakwenda kucheza kikapu. Ilikwenda hivyo majuma mawili, mpaka baba alipokutana na kocha barabarani akaulizwa kama mtoto anaumwa. Siku hiyo nyumba haikulala. Baba alisema hatatoa tena hata senti kwa mchezo wowote, na mtoto akaacha kula mezani na baba yake. Siku ya tatu mama akaja kwangu akaniambia, "Mzee, njoo ukae na hawa watu wawili, mimi wamenishinda."

Nilikwenda, nikawasikiliza. Baba alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kipuuzi. Alisema pesa yake imezama. Alisema mchagua jembe si mkulima, na kwamba leo ni kikapu, kesho itakuwa ngumi, na keshokutwa gitaa. Halafu akasema jambo la tatu kwa sauti ya chini, kwamba pale gereji kila mtu anamjua kama baba wa winga wa kushoto.

Mama hakutoa hoja. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, umeuacha mpira au umemkimbia kocha?"

Kijana alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema kwamba tangu arefuke miguu haimtii kama zamani, amewekwa benchi, na kocha humwita Mlingoti mbele ya wenzake. Lakini akaongeza kuwa hata kama kocha angeacha kumwita hivyo, bado kikapu angekitaka.

Ndugu msikilizaji, swali la mama yule ndilo ningependa kila mzazi alianze nalo. Mtoto anayebadili mchezo ama anakimbia kitu, ama anakifuata kitu, na mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja. Kama anakimbia kejeli, au benchi, au mazoezi magumu, basi huko anakokwenda atayakuta hayo hayo. Kama kuna kitu anakifuata, ni vyema tukijue. Huwezi kulijua hilo kwa kufoka. Unalijua kwa kuuliza, halafu kunyamaza ili ujibiwe.

Sasa nije kwenye pesa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ada iliyokwisha lipwa imelipwa, mtoto acheze au asicheze. Kumlazimisha akae mwaka mwingine kwenye mchezo asioutaka ili eti ada ya jana isipotee, ni kutoa ada nyingine ya kuisindikiza ile ya kwanza. Hesabu ya mzazi ianzie kwenye shilingi ambayo bado iko mfukoni. Hiyo ndiyo anayoweza kuiamulia. Na si kweli kwamba yote imezama. Miaka mitatu ya mbio, pumzi, nidhamu ya kuamka asubuhi na kucheza na wenzako haibaki kituoni. Mtoto huondoka nayo mwilini.

Mnaijua habari ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Wazazi wake walikuwa wakifanya biashara ya saruji mjini Lagos. Yeye alikulia kwenye mpira wa miguu, ambako alikuwa golikipa, na kwenye mpira wa mikono. Kikapu alikianza akiwa kijana wa sekondari. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza kabisa kuingia ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, na timu yake ya Houston Rockets ikatwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Waliomtazama walistaajabu jinsi mtu mrefu vile alivyokuwa na miguu myepesi. Wajuzi wa mchezo husema miguu ile aliipata katika ile michezo aliyoiacha.

Na hatuna haja ya kwenda mpaka Lagos. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam hii hii, aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, umri ule ule wa kijana wa jirani yangu. Alikwenda kusoma Marekani, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika orodha ya mwaka ule. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Basi mzazi asikuambie kwamba miaka 15 ni kuchelewa.

Lakini hapa naomba tusimame kidogo, maana mifano kama hii huwalevya watu. Mtoto akiitaja hupata hoja ya kumshinda baba, na baba akiisikia huanza kuota gari. Thabeet ana urefu wa zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, na huwezi kununua urefu huo kwa ada ya kituo. Pamoja na urefu huo, safari yake katika NBA haikuwa tambarare. Mwaka wake wa kwanza tu alishushwa kwa muda kwenda ligi ya chini kujinoa, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena katika ligi ile. Sisemi hivyo kumdharau. Alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika kabla yake. Nasema tu kwamba hata aliyefika kileleni, kilele chenyewe kilikuwa cha miaka michache.

Upande wa soka ni hivyo hivyo. Tangu Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, aende Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, kila mzazi mwenye mtoto anayejua kupiga chenga anaona Ulaya iko nyuma ya Temeke. Samatta ni mmoja. Waliobaki ni maelfu, na wengi wao watahitaji cheti cha shule.

Katika wilaya hii ya Ubungo, pale Kimara, kuna shule yenye jina la Filbert Bayi. Huyu ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ile ilikwisha vunjwa na wengine, kama ilivyo desturi ya rekodi. Madarasa yamesimama, na watoto wanasoma. Mzazi anayepima gharama za michezo na akili yake timamu ataweka ada ya shule mbele, kisha michezo ifuate. Mtoto naye aelewe kwamba mpangilio huo si adhabu.

Basi jirani zangu walikubaliana nini? Nitawaeleza, huenda nyumba nyingine ikapata la kuokota.

Kwanza, kijana alitakiwa amalize mechi zilizobaki za timu yake, hata kama ni kwa kukaa benchi. Wenzake walimtegemea, na mtu haondoki kazini katikati ya zamu. Pili, alikwenda mwenyewe kumuaga kocha kwa adabu, akatoa shikamoo, akashukuru kwa miaka mitatu. Baba alifuatana naye lakini hakumsemea. Nasikia siku hiyo baba alimwambia kocha, kwa upole, kwamba mtoto ana jina lake.

Tatu, njumu ziliuzwa. Njumu za miezi miwili hazikosi mteja. Pesa ile ikaenda kwenye raba za kikapu, na si raba mpya za dukani, bali mtumba mzuri wa Manzese, kwa sababu mguu wa miaka 15 bado unakua na baada ya miezi sita raba hiyo itakuwa ya mdogo wake.

Nne, muhula wa kwanza acheze timu ya shule tu, ambako hakuna ada. Wazazi wengi hukimbilia kituo cha kulipia kabla mtoto hajajaribu mchezo pale alipo. Shule zina walimu wa michezo, na kuna mashindano ya UMISSETA, ambako kikapu, soka, netiboli, wavu na riadha vyote vimo. Mtoto aonje huko kwanza. Ukimaliza muhula na hamu ipo bado, hapo ndipo mkae tena.

Tano, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi, kijana alipewa daftari aandike gharama zote mwenyewe. Baba alikuwa analalamikia bei ya viatu. Mtoto alipopiga hesabu, akagundua jambo ambalo wote hawakuwa wameliona. Kwenda mazoezini mara tatu kwa juma na kurudi ni safari sita. Kwa muhula wa majuma kumi na mawili ni safari 72, na kama njiani unabadili gari, zidisha mara mbili. Nauli ilikuwa imevimeza viatu! Viatu huumiza kwa sababu hulipwa kwa mkupuo. Nauli hutoka kidogo kidogo, kutoka kwenye pesa ya ndizi ya mama, na hakuna anayeisikia ikiondoka isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo kijana huamka Jumamosi alfajiri akamsaidie mama kushusha mikungu pale sokoni. Hakuambiwa na mtu. Daftari ndilo lililomwambia.

Kuhusu ule uongo wa majuma mawili, baba hakuupitisha kimya, wala hakupaswa. Nauli aliyopewa kwa shughuli moja akaitumia kwa nyingine, hiyo ni sawa na hela ya watu. Kijana aliomba radhi. Lakini mimi nilimwambia baba, naye akakubali, kwamba mtoto hudanganya mahali ambapo anaona ukweli hauna mlango. Tukitaka watoto watuambie mapema, tuwe watu wanaoambika.

Ndugu msikilizaji, nimalizie kwa maneno matatu.

Kwa wenye vituo vya michezo: pokeeni ada kwa mwezi pale inapowezekana, na mwelezeni mzazi tangu siku ya kwanza ni kipi kinarudishwa na kipi hakirudishwi mtoto akiondoka. Na msiwape watoto majina ya kejeli. Mtoto hubadilika mwili wake mbele ya macho ya watu wote, na hiyo peke yake ni kazi nzito.

Kwa manispaa zetu: kila kiwanja cha wazi kinachouzwa kinaongeza ada na nauli katika nyumba ya maskini. Pale Kidongo Chekundu ilifunguliwa bustani ya michezo ya vijana mwaka 2015, yenye viwanja vya soka na vya kikapu, na ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa Makuburi au Goba hawezi kwenda Gerezani kila jioni. Milingoti miwili na pete zake kwenye uwanja wa shule ya kata ingeokoa nauli nyingi.

Kwa vijana wenyewe: una haki ya kuupenda mchezo mwingine. Huna haki ya kuifanya jasho la wazazi wako kuwa maji ya bure. Njoo mezani na daftari lako, sema unataka nini, sema kinagharimu kiasi gani, na sema wewe utabeba lipi. Mzazi anayekataa kila kitu akiombwa kwa machozi, mara nyingi hukaa chini akionyeshwa hesabu.