Binti Akisoma, Kazi Ataipata Wapi?



Ndugu zangu, swali hili huulizwa sana hapa Isiolo, tena na wazee wenye nia njema: binti akimaliza kidato cha nne, kazi yenyewe iko wapi? Si hata vijana wa kiume wamekaa tu na vyeti vyao? Ni swali la haki, na kumjibu mzee kwamba elimu ni mwangaza ni kumpuuza.

Hebu tuanze na wanaofanya kazi tayari. Watazame mama zetu wa maziwa ya ngamia. Wengi hawakukanyaga shule, na biashara wanaijua kutuliko sote. Hukusanya maziwa, hupima, hutia kwenye mitungi, mitungi inapanda basi hadi Eastleigh, Nairobi. Ushirika wao wa Anolei unajulikana mbali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba asiyesoma hana kazi. Anayo, tena ngumu.

Lakini tazama inapokwama. Ushirika unataka daftari la hesabu, leseni, akaunti ya benki. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa wanawake, vijana na walemavu. Riziki hiyo! Ila sharti kikundi kisajiliwe, kiwe na namba ya KRA na cheti cha kodi, na makaratasi ni ya Kiingereza. Mama asiyesoma humtafuta mtu wa kumjazia, na mjazaji hakosi kujikatia fungu lake.

Sasa hapa ndipo tunapokosea hesabu. Shule ya msingi ikawa bila malipo 2003, na 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Mabinti wakaingia. Kisha unamtoa kidato cha pili aolewe. Jamani, amesoma miaka kumi! Kusoma na kuandika atabaki nako, lakini mlango wa mshahara hajaufikia. Diploma ya uuguzi pale KMTC inataka wastani wa C katika KCSE, na C ya Baiolojia. Mlango uko baada ya kidato cha nne, wewe umemrudisha akiwa hatua chache tu.

Na mshahara si fahari. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa tukiona. Mshahara wa muuguzi haungoji mvua.

Wengine watasema dini hairuhusu. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na Shifa bint Abdullah ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Hapa kwetu, wakili Fatuma Dullo alichaguliwa seneta wa Isiolo 2017, miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza nchini kuchaguliwa katika kiti hicho.

Nanyi akina kaka, mkeo akiajiriwa, nani atapika futari? Msicheke. Wapo walioacha kazi nzuri kwa sababu jioni ilikuwa yao peke yao.

Basi usiku mmoja baada ya tarawehe, kaa na binti yako. Usimuulize nani amekuja kumposa. Muulize Baiolojia amepata gredi gani.

Wabillahi tawfiq.