Nyumba, Kiwanja na Chuo: Msamiati wa Makazi na Masomo wa Mombasa Bara kwa Waandishi wa Kigeni

Mwandishi wa kigeni anayeweka kisa chake Likoni, Kisauni au Changamwe hakosei sana katika sura ya nje ya mambo, kwa kuwa kivuko, minazi na makontena huonekana na kila mpita njia. Hukosea katika maneno ya nyumba na masomo, na kosa hilo huingia hadi ndani ya kisa, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayoeleza nani ana haki juu ya nini, nani anamdai nani, na mtoto yuko wapi saa ngapi.

Neno linalowaponza wengi zaidi ni "mwenye nyumba". Kanuni ya jumla ya sheria husema kwamba kilichojengwa huifuata ardhi kilipojengwa, lakini desturi ya Mombasa imezitenga mali hizo mbili kwa utaratibu uitwao "nyumba bila ardhi", ambao humruhusu mtu kujenga juu ya kiwanja cha mwingine, akakilipia kodi ya ardhi, huku nyumba ikibaki yake ya kuuza, kurithisha au kupangisha, kama vile mashambani mnazi uwezavyo kuwa wa huyu na udongo ukawa wa yule. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotumika katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, ilizidisha mtengano huo, kwani wenye uwezo wa kuthibitisha madai yao walipata hati, na Wamijikenda wengi wakajikuta wakiishi juu ya ardhi ambayo kwa karatasi ilikuwa ya wengine. Basi mwenye nyumba huenda naye ni mpangaji, tena anayeweza kupewa notisi; ilhali "skwota" ni mtu mwingine, asiye na mapatano yoyote na mwenye hati, kama walivyokuwa wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, la ekari 930, kabla ya serikali kuanza kuwapa hatimiliki Januari 2016.

"Nyumba ya Kiswahili" nayo haimaanishi nyumba ya Mswahili. Ni umbo: kwa kawaida vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, baraza mbele, na uani nyuma kwenye choo na bafu vya wote. Kila chumba hupangishwa peke yake, kwa hiyo asemaye "nina chumba" ametaja makazi yake yote, yaani kitanda, pazia, makochi na jiko vya familia nzima. Mita ya umeme mara nyingi ni moja, na hapo ndipo pana hadithi ambayo wageni huipita bila kuiona, kwani mpangaji anayepiga pasi kila alfajiri huwa na maadui watano kabla ya mwisho wa mwezi.

Upande wa masomo, "chuo" kwa watu wa Pwani ni kwanza mahali pa kusomea Kurani, na ndipo baadaye kikawa pia chuo kikuu. Mtoto wa Kisauni aliyekwenda chuoni alasiri huenda ana umri wa miaka sita. Shule ilifika Mombasa Bara pamoja na misheni, katika makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa Frere Town mwaka 1875, karibu na panapoitwa Kengeleni, na ndiyo sababu wazazi wengi Waislamu waliitilia shaka kwa muda mrefu. Ada ya shule huitwa "karo", nayo "kodi" ni ya nyumba, japo serikalini ni ushuru.

Madarasa yanahitaji tarehe. Mhusika aliyefanya mtihani wa darasa la nane kwa kawaida huwa ameufanya kati ya 1985 na 2023. Wa sasa yuko "gredi", na kwa kuwa sekondari msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi, kijana wa gredi ya tisa bado huingia kwa lango lile lile analoingilia mdogo wake wa chekechea.