Krimu za Homoni Usoni: Tujihadhari

Maelezo ya mhamasishaji wa afya ya jamii katika mkutano wa wakazi



Leo sitazungumzia chanjo wala maji. Nataka tuzungumze juu ya tyubu ndogo zinazouzwa sokoni, ambazo wengi wetu hujipaka usoni bila kuandikiwa na daktari.

Mambo huanza hivi. Mtu ametokwa na vipele mashavuni na uso unawaka kama aliyeinamia jiko. Jirani anamwambia, "Paka hii." Siku ya tatu vipele vimekauka, ngozi imelainika na rangi imeanza kung'aa. Anaisifu dawa. Akiiacha siku chache, vipele vinarudi, tena vingi kuliko vya kwanza. Anapaka tena. Huo ndio mtego.

Dawa hiyo ni nini?

Ndani yake mna homoni. Mwili wenyewe hutengeneza homoni ya namna hiyo katika tezi mbili zilizo juu ya figo. Madaktari wanaitumia kwenye krimu tangu mwaka 1952, na kwa magonjwa yake, kama pumu ya ngozi, ni dawa nzuri. Hutuliza uvimbe na mwasho. Lakini kutuliza siyo kuondoa chanzo. Haiui fangasi, haiui wadudu wa upele.

Tena nguvu zake hazilingani. Haidrokotizoni ni dhaifu. Klobetasoli ina nguvu kama mara 600 kuliko hiyo. Hata hivyo sokoni tyubu zote mbili zinafanana, na muuzaji hatakueleza tofauti. Soma maandishi madogo. Ukiona clobetasol, betamethasone au fluocinonide, ujue ni dawa kali, siyo mafuta ya urembo. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee.

Kwa nini usoni ni hatari zaidi?

Ngozi ya uso ni nyembamba, hunywa dawa upesi. Ukipaka kwa wiki nyingi, ngozi inazidi kuwa nyembamba, vimishipa vya damu vinatanuka na kuonekana, vipele vinazunguka mdomo na pua, na ndevu zinaweza kuwaota akina mama. Dawa ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta ugonjwa wa presha ya macho na mtoto wa jicho.

Upo ugonjwa uitwao rosasia. Uso huwaka, mashavu na pua hubadilika rangi, vipele vidogo hutoka, na macho hukereketa kana kwamba yameingia mchanga. Wengi hudhani ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mara nyingi hautambuliwi. Sisi tuangalie zaidi joto, mchomo na vipele. Jua kali, moto wa kuni, pilipili na pombe huuchochea.

Mwaka 1969 daktari wa ngozi wa Uingereza, Ian Sneddon, aliandika kuonya kwamba krimu kali za homoni zinauharibu uso wenye rosasia. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 50, lakini wauzaji wa tyubu hawalitaji. Rosasia ina dawa zake, kama krimu ya metronidazoli, na wengine hupewa vidonge vya doksisaiklini. Vidonge hivyo havifai kwa mama mjamzito wala mtoto mdogo, kwa hiyo mwenye kuandika ni daktari tu.

Yapo pia mambo ambayo krimu hizi huyaficha. Choa kikipakwa homoni, mwasho unapungua huku fangasi wanaenea chini kwa chini. Na baka lisilosikia ukiligusa laweza kuwa ukoma, ugonjwa unaopona kabisa kwa vidonge ukiwahi. Usilipake chochote. Lipeleke kliniki likaonekane.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga: usimpake mtoto tyubu yako. Ngozi yake hunywa dawa zaidi kuliko yako, hasa sehemu iliyofunikwa na nepi.

Tayari unatumia. Ufanyeje?

1. Nenda kliniki na tyubu yenyewe, hata kama imekwisha. Usione haya. Mhudumu anahitaji kujua jina la dawa na muda uliotumia.

2. Ujue mapema kwamba ukiiacha, uso utachafuka kwanza. Vipele na mchomo huweza kuzidi kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Hiyo siyo dalili kwamba uso unaihitaji dawa. Ni ngozi inayoachishwa. Anayekata tamaa hapo na kupaka tena anaanza safari upya.

3. Osha uso kwa maji ya kawaida, bila kusugua. Acha mkorogo, limau na sabuni kali. Vaa kofia au jifunike kitenge juani, na ukae mbali kidogo na moshi.

4. Kama ulikuwa unajipaka dawa kali mwili mzima kwa miezi, usiache ghafla bila daktari. Tezi zile za juu ya figo huenda zimelala. Ukiona udhaifu mkubwa, kizunguzungu au kutapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiandikiwa krimu ya homoni na daktari, itumie. Paka kidogo, mahali ulipoonyeshwa, kwa siku ulizohesabiwa, kisha acha. Usimgawie jirani.

Neno la mwisho kwa vijana. Wengine tumetoka Fizi na Uvira, wengine Makamba na Ruyigi, na kote huko tumesikia kwamba mweupe ndiye mzuri. Msichana anapaka ili apate mchumba, na mama anauza unga wa watoto anunue tyubu. Weupe huo ni ngozi iliyodhoofika. Akina baba na kaka, tuache kuwasifia dada zetu kwa jambo linalowaumiza.

Mwenye swali aniulize sasa, au anione faragha baada ya mkutano. Siri yake nitaitunza.